Majibu Hayarudi

Jumatatu ile niliingia kwenye kikao cha asubuhi nikiwa bado na hina mikononi. Jumamosi tulikuwa tumemwoza binamu yangu, nilikuwa nimelala saa chache, na nusu ya akili yangu ilikuwa imebaki ukumbini. Katibu wa hospitali alisoma taarifa ya usiku, waliolazwa, waliojifungua, kisha akainua kichwa na kuuliza kwa nini tangu mwisho wa wiki majibu ya maabara hayaonekani kwenye mfumo.

Macho yote yakaenda kwa Mzee.

Tulimwita Mzee tu. Alianza kazi ya maabara kabla mimi sijazaliwa, alikuwa amebakiza mwaka mmoja na ushei astaafu, na kila mtu alijua kwamba kompyuta hakuipenda. Mfumo ulipoletwa aliukubali kwa sharti kwamba daftari lake lisiondolewe. Kwa hiyo kila kipimo alikiandika mara mbili: kwanza kwa kalamu, halafu kwa kidole kimoja kwenye kibodi.

"Mimi naingiza," alisema. "Haipokei. Kinazunguka tu kile kiduara."

Watu wawili watatu wakacheka. Katibu akanigeukia mimi.

Nilikuwa na miezi 4 kazini, kwenye mkataba wa majaribio wa miezi 6. "Mtandao uko sawa," nikasema. "Ijumaa nimeupima mwenyewe. Labda ni mtumiaji."

Labda ni mtumiaji. Sisi watu wa kompyuta hatuishiwi na maneno haya, na siku ile yalitosha. Katibu alimtaka Mzee alete barua ya kujieleza kabla ya Jumatano. Kisha, mganga mfawidhi akiitikia kwa kichwa, akatoa agizo kwamba kuanzia siku hiyo madaktari wasipokee tena majibu ya karatasi. Majibu yaje kwenye mfumo, basi.

Mzee hakubishana. Tulipokuwa tunatoka alininyooshea daftari lake, limefunguliwa. "Hebu tazama hapa, mwanangu."

Nikamwambia nitapita baadaye.

*

Hospitali yetu ni ndogo, iko mkoani Tanga, na ina majengo mawili yanayotazamana. Jengo la zamani lina mapokezi, vyumba vya madaktari na dirisha la dawa. Jengo jipya liko ng'ambo ya uwanja wenye mwembe mmoja, na huko ndiko maabara ilikohamia mwezi mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia. Kutoka mlango hadi mlango ni hatua 60. Nilizihesabu siku tuliyofukia kebo.

Kila jengo nililipa mtandao wake mdogo. Wi-Fi ya mapokezi ilikuwa imebeba simu za nusu ya wafanyakazi, na sikutaka mashine za maabara zichanganyike nazo. Kompyuta za jengo la zamani anwani zao zote zinaanza na 192.168.1, na za jengo jipya zinaanza na 192.168.2. Ile namba ya tatu ichukulie kama jina la mtaa. Kompyuta za mtaa mmoja huongea zenyewe kwa zenyewe. Ikitaka kuongea na kompyuta ya mtaa mwingine, huupeleka ujumbe langoni, kwa ruta, na kuiachia ruta ijue pa kuupeleka.

Lango la jengo la zamani ni ruta ya kampuni inayotupa intaneti, 192.168.1.1. Lango la maabara ni ruta ndogo niliyoifunga mwenyewe, ambayo ina miguu miwili: mmoja uko maabara, 192.168.2.1, na mwingine uko jengo la zamani, 192.168.1.2. Mfumo wa wagonjwa unakaa kwenye seva, ambayo ni kompyuta ya kawaida iliyowekwa chini ya meza ya mapokezi, 192.168.1.10. Kompyuta ya Mzee ni 192.168.2.20. Ndiyo ramani nzima. Ningeweza kuichora kwenye kiganja changu, juu ya hina.

Mwezi wa kwanza kila kitu kilikwenda, kwa sababu ruta ile ndogo ilikuwa imewashwa NAT. Kwa NAT, kila ombi linalotoka maabara huvuliwa anwani yake na kuvishwa anwani ya ruta. Seva haikujua kwamba ng'ambo ya uwanja kuna Mzee. Iliona ombi limetoka kwa 192.168.1.2, jirani wa mtaa uleule, ikamjibu jirani, na ruta ikalifikisha jibu kwa mwenyewe. Ubaya wake ni kwamba jengo la zamani halikuweza kuianza maabara kwa mazungumzo, maana huko hakuna aliyejulikana kwa jina lake. Na printa yetu pekee ya leza ilikuwa imehama pamoja na maabara. Watu wa mapokezi wakalalamika wiki nzima.

Ijumaa jioni niliizima NAT ili waione printa. Mzee alikuwa wodini akichukua damu. Nikapima mara mbili. Kutoka kwenye laptopu yangu, nikiwa maabara, nilipiga pingi kwenye mguu wa pili wa ruta, 192.168.1.2. Ukajibu. Kutoka kwenye ruta yenyewe nikaipigia seva. Ikajibu. Nikajiambia: maabara inafika kwenye ruta, ruta inafika kwenye seva, kwa hiyo maabara inafika kwenye seva. Printa nitaijaribu Jumatatu. Nikafunga laptopu, nikawahi basi la saa 12.

Jumamosi Mzee alinipigia simu mara mbili. Ya kwanza sikuisikia kwa sababu ya muziki. Ya pili nilipokea nikiwa nimeziba sikio moja, nikamwambia azime kompyuta, halafu aiwashe.

*

Jumatatu saa 8 mchana mvua ya masika ilianza. Mama mmoja alimleta mtoto wa miaka miwili, amelegea, viganja vimekuwa vyeupe. Daktari aliagiza kipimo cha malaria na cha wingi wa damu. Mzee alipima, akaandika kwenye daftari: malaria ipo, hemoglobini 4.6. Kisha akakaa mbele ya kompyuta kama alivyoagizwa asubuhi.

Kiduara kikazunguka. Ng'ambo ya uwanja daktari alikuwa anaangalia skrini yake, na kwenye jina la mtoto palikuwa pameandikwa "Inasubiriwa".

Mimi nilikuwa mapokezi nikishughulika na simu ya mtu. Kupitia dirishani nilimwona Mzee akitoka jengo jipya bila mwavuli, mkono mmoja umebana kitu chini ya koti lake jeupe. Goti lake la kushoto ni bovu, na uwanja ulikuwa umeshaanza kuteleza. Alivuka polepole, akisimama kidogo chini ya mwembe, akaingia korido yetu akichuruzika maji. Nilimsikia akibisha hodi kwa daktari. Daktari aliisoma ile karatasi akiwa amesimama, na suala la agizo halikumpitia akilini hata kidogo.

Mtoto aliongezewa damu jioni ileile, na Alhamisi alirudi nyumbani mgongoni kwa mama yake. Nalisema sasa hivi kwa sababu sitaki kumtumia mtoto wa watu kumtia msomaji wasiwasi. Lakini kati ya saa iliyoandikwa kwenye daftari na saa ambayo karatasi ilimfikia daktari kuna dakika 20, na dakika hizo hazikuwa za Mzee.

*

Jioni nilikwenda maabara.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku. Alikuwa anaandika barua kwa mkono, amepiga mstari kwa rula chini ya kichwa chake: YAH: KUJIELEZA KUHUSU KUTOINGIZA MAJIBU KWENYE MFUMO. Nilijifanya sijaiona, nikakaa kwenye kompyuta yake.

Nikaipigia seva pingi. Pingi ni hodi tu: upo? Kwetu mtu hubisha hodi tatu, asipoitikiwa huondoka. Windows hubisha nne. Zote nne zilikwenda bila jibu. Nikaupigia mguu wa karibu wa ruta, ukajibu. Nikaupigia wa mbali, nao ukajibu. Nikakagua anwani, maski na lango: zote ziko sawa. Nikabadilisha kebo. Nikazima programu ya kuzuia virusi. Nikakumbuka kwamba ukuta wa moto wa Windows mara nyingi hukataa pingi zinazotoka mtaa mwingine, nikavuka uwanja nikaufungua kwenye seva, nikarudi. Bado. Saa nzima ikapita, na nikikumbuka sasa naona kwamba karibu saa hiyo yote niliitumia kukagua upande wake. Kinywani nilikuwa nimeacha kusema "labda ni mtumiaji", ila mikono yangu ilikuwa bado inayasema.

"Daftari hujalitazama," alisema Mzee bila kuinua kichwa.

Nikalivuta. Safu za kawaida zilikuwa kwa wino wa bluu: namba, jina, umri, kipimo, majibu. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, aliandika mambo ya kompyuta kwa mwandiko uleule wa kunyooka:

Ijumaa 11:10 jioni, imekubali.
Ijumaa 11:40 jioni, imegoma.
Ijumaa 11:50 jioni, imegoma.
Jumamosi 2:15 asubuhi, imegoma. Nimempigia mtu wa kompyuta, hakupokea.
Jumamosi 5:30 asubuhi, nimempigia tena. Amesema nizime niwashe. Nimezima, nimewasha. Imegoma.

Iliendelea hivyo mpaka ile ya Jumatatu mchana. Lakini mimi nilikuwa nimesimama kwenye mistari miwili ya kwanza. Saa 11 na dakika 10 imekubali, saa 11 na dakika 40 imegoma. Katikati hapo, saa 11 na nusu, nilikuwa nimekaa kwenye kiti hikihiki nikizima NAT huku nikiangalia saa kwa sababu ya basi.

Jibu lilikuwa kwenye daftari hilo tangu asubuhi, aliponinyooshea nikasema nitapita baadaye.

*

Nikaenda kwenye seva na Wireshark, programu inayoonyesha kila pakiti inayoingia na kutoka kwenye kompyuta. Nikampigia Mzee simu. "Bonyeza hifadhi, Mzee."

"Nimebonyeza."

Mstari ukatokea palepale: kutoka 192.168.2.20 kwenda 192.168.1.10, ombi la kufungua mazungumzo. Ombi lake lilikuwa limefika. Chini yake mstari wa pili, kutoka 192.168.1.10 kwenda 192.168.2.20: seva ikikubali. Sekunde chache, ombi tena, jibu tena.

"Imefika, Mzee," nikasema. "Yako inafika kila mara."

"Nilikuambia naingiza."

Nikaiamuru seva, kwa tracert, inionyeshe njia inayopita kumfikia 192.168.2.20. Hatua ya kwanza ilikuwa 192.168.1.1, ruta ya intaneti. Hatua ya pili ilikuwa anwani ya kampuni ya intaneti, nje kabisa ya geti letu. Baada ya hapo, nyota tupu.

Hapo nikaelewa. Nilipozima NAT, maombi ya maabara yalianza kufika seva yakiwa na anwani yake halisi. Seva ilipotaka kujibu iliona kwamba 192.168.2.20 si wa mtaa wake, ikafanya kama ilivyofundishwa: ikalipeleka jibu langoni. Lango lake ni ruta ya intaneti, ambayo hakuna aliyewahi kuiambia kwamba kuna mtaa wa pili ng'ambo ya uwanja. Ruta isipojua pa kupeleka kitu hukisukuma nje, kwenye intaneti, na huko anwani za 192.168 hazina mwenyewe, hutupwa. Jibu lililotakiwa kuvuka hatua 60 lilikuwa linatoka getini na kupotelea barabarani.

Nikaelewa pia jinsi vipimo vyangu vya Ijumaa vilivyonidanganya. Nilipoupigia mguu wa mbali wa ruta, aliyejibu alikuwa ruta mwenyewe, na yeye mitaa yote miwili anaijua. Ruta ilipoipigia seva, ilipiga kwa anwani ya mtaa wa seva, ikajibiwa kama jirani. Hakuna mahali nilipoitaka seva irudishe chochote maabara. Nilikuwa nimepima njia ya kwenda, nikasema nimepima mtandao.

Ruta ya intaneti nywila yake iko kwa kampuni, na kampuni ilikuwa imeshafunga. Nikaifundisha seva yenyewe kwa mstari mmoja: route add 192.168.2.0 mask 255.255.255.0 192.168.1.2. Maana yake, ukitaka kwenda mtaa wa pili, pitia kwa jirani huyu.

"Bonyeza, Mzee."

Kimya kidogo. "Imesema imehifadhiwa."

Akaanza kuingiza majibu ya siku tatu kutoka kwenye daftari, kwa kidole chake kimoja. Mimi nikaondoka.

Nilitembea nikimkumbuka bibi yangu. Nilipokuwa chuo nilikuwa namtumia ujumbe, hajibu, na nikakasirika naye muhula mzima. Nilipofika likizo nilikuta ujumbe wote umo kwenye simu yake ya vitufe, amesomewa na mtoto wa jirani, vingine mara mbili. Hakuwa na vocha. Simu isiyo na salio hupokea, haipeleki. Ningedhani somo hilo nimeshalielewa.

Saa 3 usiku simu ikaita. "Imegoma tena," alisema Mzee. "Saa 3 na dakika 12."

Safari hii sikumwambia azime awashe. "Umeme ulikatika?"

"Ulikatika, ukarudi."

Nikapanda bodaboda kurudi, koti la mvua halijakauka. Seva ilikuwa imezimika na kuwaka upya, na njia niliyoifundisha ilikuwa imeisahau, kwa sababu amri ile usipoiongeza -p haidumu. Nikaandika upya: route -p add. Kisha nikaizima seva mwenyewe, nikaiwasha, nikamwomba Mzee abonyeze. Ikakubali. Nikaizima tena, nikaiwasha tena. Ikakubali. Nikaiomba seva yenyewe ipige hodi maabara, kutoka upande wake. Hodi nne, majibu manne. Wiki ileile kampuni iliingiza njia hiyo kwenye ruta kuu, na mapokezi wakaipata printa yao.

*

Usiku ule nilikuwa na sentensi tayari: "Mtandao ulikuwa na hitilafu, nimeirekebisha." Haina uongo ndani yake. Hitilafu ilikuwepo, na nimeirekebisha. Ningetoka kikaoni nimesifiwa, na barua ya Mzee ingeingia kwenye faili lake, mwaka mmoja na ushei kabla ya kustaafu, ikieleza kwa nini hakuingiza majibu aliyokuwa anayaingiza. Nilikuwa nimebakiza miezi 2 kwenye mkataba. Nilihesabu hesabu hizo zote, na sitadai kwamba nilizihesabu haraka.

Asubuhi katibu alipofika kwenye suala la maabara, nilisimama kabla hajamwita mtu. Nikasema Ijumaa saa 11 na nusu jioni nilibadilisha mpangilio wa ruta na sikupima mpaka mwisho. Nikasema Mzee alikuwa anaingiza tangu siku hiyo, kila ombi lake linafika, majibu ndiyo hayarudi, na kwamba jana nilimsingizia mbele yao. Kosa ni langu.

Safari hii hakuna aliyecheka. Katibu alifungua faili, akatoa ile barua yenye mstari wa rula, akamrudishia Mzee.

"Basi utajieleza wewe," akaniambia. "Kabla ya kesho." Kisha, akimtazama daktari wa jana, akaongeza kwamba majibu ya mgonjwa mahututi yaende kwa mfumo na kwa mguu pia.

Mchana niliiandikia barua maabara, maana ndiko kulikokuwa na meza tupu. Mzee aliniazima rula. Mkataba wangu ulikuja kuongezwa, ila siku ile sikuwa na habari hiyo, na mistari yangu haikunyooka kama yake.

Nilipomaliza nilivuta daftari kuangalia kama mfumo umegoma tena. Mstari wa mwisho kwa wino mwekundu ulisema: Jumanne 1:50 asubuhi, mtu wa kompyuta amekiri. Imekubali.

Nikamwuliza kama ni lazima hilo nalo liandikwe.

"Majibu yote yanaandikwa," alisema, akachukua sampuli iliyofuata.